Siku Yangu ya Kwanza, Panya Akaingia Ofisini

Mjomba wangu alifanya kazi serikalini mpaka akastaafu, na kuhusu ajira mpya ana msimamo mmoja tu: vyeti wameshaviona, wewe ukifika wanakuangalia viatu. Nilipopata kazi kwenye ofisi moja ya uwakala wa forodha maeneo ya Posta, Dar es Salaam, alinipigia simu usiku kwa ajili ya hilo. "Usije ukaenda na raba, mjomba. Utatuaibisha ukoo mzima."

Nikaenda soko la mitumba la Karume. Yule muuzaji alikuwa ameshapiga kiwi na brashi mpaka unajiona uso kwenye ngozi. "Hiki kimetoka kwenye robota leo hii, bosi wangu. Ngozi orijino. Mzungu hajakivaa hata mara moja, angalia soli." Nikaangalia soli. Nene, nyeusi, nyepesi, mistari yote ipo. Nikabonyeza kwa kidole gumba, nayo ikabonyea vizuri tu. Tukavutana bei, nikalipa, nikaondoka haraka kabla hajabadili mawazo.

Jumatatu nilisimama ndani ya basi la mwendokasi kuanzia Kimara mpaka Posta ya Zamani. Nilikanyagwa na watu wa kila aina. Nilitamani kuinama nifute vumbi, lakini saa moja asubuhi humo ndani hata kupumua ni kwa zamu.

Ofisi yenyewe ilikuwa nadhifu kupita kiasi, vigae vyeupe pee kuanzia mapokezi mpaka jikoni. Dada wa utumishi akanipokea, akanizungusha kutambulishwa, na hakuacha chumba: uhasibu, masjala, kwa vijana wanaoshinda bandarini, jikoni, halafu kwa Mkurugenzi mwenyewe. Kila mlango shikamoo, kila mlango "karibu sana, jisikie nyumbani". Nami nilikuwa nakanyaga kwa kishindo makusudi, ili wajue ameingia mtu. Tuliporudi kwenye meza yangu nilihisi kama sakafu imeinama kidogo upande wa kulia. Nikasema moyoni, haya majengo ya zamani bwana.

Sikukaa hata robo saa, nikasikia sauti ya mama wa usafi kule koridoni.

"Jamani! Mavi ya panya!"

Alikuwa ameinama na kizoleo chake. Kwenye vigae vile vyeupe kulikuwa na vipande vyeusi vidogovidogo, vimejipanga kwa mstari, vinaingia uhasibu, vinatoka, vinaingia masjala, vinatoka. Dada wa mapokezi alipanda juu ya kiti. Jamaa mmoja wa uhasibu akasema tangu Ijumaa alikuwa anasikia kitu kinakwaruza ila alinyamaza asionekane mwoga.

Kwa ofisi nyingine panya ni uchafu tu. Kwa ofisi ya forodha panya ni hasara ya dola. Masjala ndiko zinakokaa hati halisi za mizigo, zile ambazo lazima uzipeleke kwa wakala wa meli ndipo upewe ruhusa ya kuchukua kontena. Panya akitafuna karatasi moja tu ya namna hiyo, kontena la mteja linabaki bandarini huku nyinyi mnahangaika na barua za dhamana za benki, na gharama za kukaa zinahesabiwa kila siku inayopita. Mkurugenzi alitoka chumbani kwake amekunja shati mikono. "Yameingia mpaka ofisini kwangu," akasema. "Huyu panya ana dharau."

Hapo ndipo nikaiona nafasi. Mfanyakazi mpya hapati bahati ya janga siku ya kwanza. Wenzangu wanaanza kazi kwa kujaza fomu za NSSF. Mimi nimeletewa vita. Nikavua koti, nikapiga magoti, nikaanza kukagua chini ya makabati kwa tochi ya simu. Nikaokota kipande kimoja, nikakizungusha kwenye vidole, nikakinusa. Ndiyo, nilikinusa mbele za watu. Kisha nikatoa ripoti.

"Mzee, kwa ukubwa huu si panya wa kawaida. Hii ni kazi ya panya buku."

Ofisi ikaguna. Kijana mmoja mwenyeji wa Morogoro akadakia kwamba panya buku hawana ubaya, pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. "Sasa huyu wa kwetu ananusa nini?" mama wa usafi akamuuliza. "Kama amekuja na nishani yake, akaage kistaarabu."

Nikajitolea kwenda kutafuta silaha. Huhitaji kutembea mbali Posta kabla hujasikia kipaza sauti: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, sauti ileile iliyorekodiwa ambayo nadhani mwenyewe ameshasahau kama aliwahi kuirekodi. Nikanunua gundi ya panya, zile zinazofunguka kama kitabu, kwa hela yangu ya mfukoni. Risiti sikudai. Nilitaka Mkurugenzi aone moyo wangu.

Niliporudi nilikuta hali imekuwa mbaya zaidi. Mavi mapya yametapakaa kuanzia mlango mkubwa, yamepita mapokezi ambako mama ametoka kudeki muda huohuo. "Amepita hapa sasa hivi, wakati wewe unaingia," dada wa mapokezi akaniambia kwa kunong'ona. "Mmepishana naye!" Nywele zikanisimama. Nikawaelekeza wenzangu kwamba mtego unawekwa mahali panya anapopita mara nyingi, palipo na mavi mengi. Tukafuatilia. Mavi mengi kuliko kote yalikuwa chini ya meza yangu, lundo kabisa, mkono wa kulia.

"Ameipenda harufu yako," akasema yule wa uhasibu.

Nikafungua gundi, nikaitandaza palepale chini ya meza, nikaendelea na kazi kwa utulivu wa mtu aliyekwishashinda.

Alasiri Mkurugenzi akaitisha kikao kifupi, wote tulipo, ili kumkaribisha rasmi mgeni na kumpongeza kwa moyo wa kujituma. Alisema maneno mazuri mno, ya kwamba vijana wa siku hizi ukimwambia kuna panya anakuuliza kama imo kwenye mkataba. "Simama, kijana, wakuone."

Nikasimama. Mguu wa kushoto ukaja. Wa kulia ukakataa.

Nikatabasamu, nikavuta kidogokidogo bila kuonyesha. Ukakataa. Nikavuta kwa nguvu, ikasikika *ttrraaap*, mguu ukapanda juu na mimi nikaenda kumwangukia dada wa utumishi. Nilipoangalia chini, ngozi ya kiatu ilikuwa mguuni kwangu, inang'aa bado. Soksi ilikuwa inachungulia kwa chini. Soli, au niseme mabaki ya soli, yalikuwa yamelala kwenye gundi, yamemomonyoka, na pembeni yake yamemwagika yale mavi.

Hakuna aliyesema neno. Mkurugenzi akavaa miwani, akachuchumaa taratibu, akaokota kipande kutoka sakafuni, akakisogeza karibu na soli, akalinganisha. Akainua uso.

"Huyu panya anavaa namba ngapi?"

"Arobaini na tatu, mzee."

Kicheko kilichofuata sidhani kama kimeisha mpaka leo. Mama wa usafi peke yake hakucheka, alikuwa anadai zile nguvu zake za kudeki tangu asubuhi nani atazirudisha. Lakini ni yeye aliyeniokoa, akaenda maliwatoni akaniletea ndala za kutawadhia. Moja ya bluu, nyingine ya njano, zote za mguu wa kushoto, zimekatwa pembe kwa mbele ili zisiibiwe. Nikashinda nazo mpaka jioni, na suti juu, nikijitambulisha kwa wateja.

Fundi viatu aliye nje ya jengo hakushangaa hata kidogo. Alikikunjakunja kile cha kushoto, nacho kikamwagika mkononi mwake. "Hii ni soli ya povu, si mpira. Povu linataka kuvaliwa. Likikaa kabatini miaka, unyevu unalila ndani kwa ndani. Kwa nje unaona kipya, siku unakanyaga ndiyo linakuaga." Nilikuja kusoma baadaye kwamba povu hilo ni poliyurethani, na kweli ni unyevu wa hewani unaovunjavunja viungo vyake, tena joto linaongeza kasi. Kwa Dar, basi, hesabu mwenyewe. Fundi akanibandikia soli za mpira, akazishona kabisa pembeni, akaniambia hizi nitazikwa nazo.

Sasa, katika ile taharuki ya Jumatatu asubuhi Mkurugenzi alikuwa ameshampigia mtu wa kupuliza dawa na kumtumia nusu ya malipo kwa simu. Fedha hairudi. Jumamosi jamaa akaja, akapanda darini kwa kuwa ndiyo kazi aliyolipiwa, na sisi wachache tuliokuwa zamu tukasimama chini tukimtania amsalimie panya wa namba arobaini na tatu. Akanyamaza kidogo. Kisha akaomba ndoo.

Alishusha kiota kizima kutoka juu ya masjala, panya wazima na watoto wao, wamelalia nakala za ankara za wateja zilizotafunwa zikawa pamba.

Mama wa usafi aliichukua ile ndoo, akaibeba mlango kwa mlango, hakuruka hata mmoja, mpaka akafika kwa Mkurugenzi. Akaiweka juu ya meza.

"Mlinicheka. Haya, na hawa wanavaa namba ngapi?"