Chumba kipo, ila paka hapana

Kinachoniudhi kwenye kutafuta chumba Arusha siyo bei tu. Ukishamwambia dalali una paka, basi, hapokei tena simu. Ukiwa na mbwa ndiyo usiseme. Nimezunguka Sombetini, Ngarenaro hadi Sakina, jibu ni lile lile: mwenye nyumba hataki wanyama.

Mwenye pesa zake hasumbuki hivi. Anapanga nyumba nzima kule Njiro, ina geti na uzio, mbwa anajengewa banda, hakuna anayemuuliza. Sisi wa chumba kimoja na choo cha kushirikiana, tunaodaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ndio tunaambiwa tuchague: mnyama au paa. Jirani yangu mmoja alipohama, mbwa wake alibaki. Siku nyingi alirudi kulala mlangoni, juu ya kipande cha zulia alichozoea, mpaka mpangaji mpya alipokitupa. Iliniuma sana.

Hofu ya kichaa cha mbwa naielewa, ugonjwa ule unaua. Lakini unazuilika kwa chanjo ya kila mwaka, na kadi ya chanjo ipo. Mama mwenye nyumba, niulize kadi! Niwekee masharti: chanjo, usafi wa ua, mnyama akiharibu kitu nalipa mimi. Tuyaandike kwenye mkataba, tusaini, hata mbele ya balozi wa nyumba kumi ukitaka. Nitayatimiza yote. Ninachoomba ni unione kwanza, umwone na paka mwenyewe, ndipo ukatae.