Fimbo ya Kukodi

Fimbo ya zamani ina sehemu nne, na kila sehemu inaweza kudanganya kivyake. Kuna kichwa unachoshika. Kuna pete ya madini inayofunika pale kichwa na mti vinapoungana. Kuna mti wenyewe. Halafu kuna kiatu, kile kikombe kidogo cha chuma au shaba kinachogusa udongo. Nkambo, yaani babu, wa Katuba hapa Lubumbashi alikuwa na majibu ya zote: kichwa ni pembe ya tembo, pete ni dhahabu nyeupe, mti ni mpingo, na aliyempa baba yake ni Mfalme Baudouin mwenyewe alipotembelea Kongo mwaka 1955. Mfalme alikuja kweli mwaka huo. Hayo mengine tuliyapima mezani Jumamosi moja ya Oktoba, kwa sababu wiki iliyofuata Nkambo alikuwa msemaji wa familia kwenye mahari ya mjukuu wake, na alitaka fimbo iwe safi.

Tukaanza na kichwa. Pembe halisi ya tembo, ukiitazama kwa kioo cha kukuza mara kumi pale ilipokatwa kimkingamo, ina mistari inayopishana na kufanya wavu. Mfupa hauna wavu. Una vitobo na vistari vidogo vya kahawia, njia ambazo damu ilipita. Kichwa cha Nkambo kilikuwa na mistari myeupe na ya maziwa iliyokwenda sambamba, upana mmoja, tangu juu mpaka chini. Tembo hajui kupiga rula. Nikakisugua kwa kidole gumba mpaka pakapata joto, nikanusa: kafuri, harufu ileile ya dawa ya mafua ya kupaka kifuani. Hiyo ni seluloidi, plastiki ya zamani iliyotengenezwa sana mwishoni mwa karne ya 19 kuiga pembe.

“Mufalme hawezi kupana plastiki,” Nkambo akasema.

Mjukuu mmoja akatokea jikoni na sindano nyekundu kutoka makaani. Alikuwa amesikia kwamba pembe haipenyeki kwa sindano ya moto. Ni kweli, lakini seluloidi ni ndugu wa baruti: imetengenezwa kwa nitroselulosi na kafuri, na ikigusana na moto haingoji kuulizwa mara mbili. Tulimtoa nje yeye na sindano yake. Nikamfariji Nkambo kwamba seluloidi ina faida moja. Fimbo yenye pembe ya tembo haivuki mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa bila matatizo, kwa kuwa biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku mwaka 1989. Hii yake ingepita bila mtu kuitazama. Hakufarijika.

Pete ndiyo iliyosema kweli. Chini ya vumbi kulikuwa na alama tatu ndogo: mwezi mwandamo, taji, na namba 800. Ni muhuri wa fedha ya Ujerumani, unaotumika tangu 1888. Sehemu 800 kati ya 1,000 ni fedha safi, zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Nikamuuliza Nkambo mfalme wa Ubelgiji alitafuta nini kwa Wajerumani.

“Alinunua,” akajibu. “Mufalme hana feza?”

Mti ulikuwa mwepesi mno kuwa mpingo, ambao ukitupwa majini unazama. Dawa ya ubishi huo ni kuangalia chini ya kiatu. Huku kwetu mwisho wa kiangazi mti umekauka na kusinyaa, kwa hiyo kiatu na pete hulegea vyenyewe; ukizungusha taratibu, kiatu kinatoka bila koleo. (Kikitoka, usikirudishe kwa gundi ya kubana papo hapo. Zungushia uzi mwembamba wa pamba na gundi ya seremala, ili siku nyingine kiweze kutoka tena.) Ndani ya kiatu mti ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyopauka. Weusi ulikuwa ngozi tu.

Jaribio la mwisho ndilo lililotuletea balaa. Kabla ya kusafisha fimbo yoyote ni lazima ujue imepakwa nini. Nikachovya pamba kwenye alkoli ya famasia, nikaigusisha mahali pasipoonekana, pale kiatu kilipofunika, nikahesabu nusu dakika. Vanishi ya plastiki ya siku hizi ingekaa kimya. Hapa pamba ikaanza kunata, na ilipotoka ilikuwa nyeusi. Maana yake ni mbili: juu kuna gomulaki, utomvu wa kidudu cha India ambao wazungu wa zamani waliupakaza tabaka juu ya tabaka; na chini yake kuna rangi nyeusi ambayo nayo inayeyuka kwenye alkoli. Nikasema polepole, kila neno peke yake: fimbo hii na alkoli wasikutane. Isafishwe kwa kitambaa laini kilichochovywa kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, kikakamuliwa mpaka kisidondoke, halafu ikaushwe palepale. Kesho yake nta ya nyuki, kiasi cha punje moja ya haragi kwa mti mzima, isubiri dakika kumi, kisha isuguliwe kwa flaneli. Basi.

Nkambo aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Macho yake yalikuwa kwenye ile pamba nyeusi.

Yeye aliona uchafu unatoka. Uchafu wa tangu 1955, na dawa yake imepatikana! Asubuhi ya mahari alinunua chupa ya lutuku, ile kali ya mahindi na muhogo, akasugua fimbo. Kitambaa kikawa cheusi, akafurahi. Akabadilisha kitambaa, nacho kikawa cheusi, akafurahi zaidi. Kwa habari za mke wake, chupa iligawanywa kwa haki, nusu kwa fimbo na nusu kwa mwenye fimbo. Kisha akaifunga kwenye gazeti, juu ya gazeti akavuta mfuko wa plastiki, akaukaza kwa mpira, akaitia kwenye buti la gari lililokuwa juani.

Kwa gomulaki huwezi kupanga mateso mazuri zaidi. Ingeachwa wazi mahali pa baridi, alkoli ingeruka na tabaka lingekuwa gumu tena kabla ya jioni, pengine na ukungu mweupe kwa sababu ya maji yaliyomo kwenye lutuku. Ndani ya plastiki alkoli haina pa kwenda. Na gomulaki hata bila pombe hulainika kwenye joto la nyuzi sabini na kitu. Ikiwa imelewa, hata joto la kiganja linatosha.

Tulifika kwa wakwe saa nane. Baba wa binti ni shemasi, na kwa kanisa lao pombe haiingii hata ndani ya keki. Nkambo akafungua mfuko, akavua gazeti. Gazeti lilitoka karibu lote. Fimbo ilikuwa inang'aa kweli, nakiri, inang'aa ung'avu wa kitu kilicholowa.

Hakuishika kichwani. Mzee wa Kiluba anayejua heshima hashiki fimbo ya maneno kama mtu mwenye goti bovu. Fimbo za wakubwa wa Waluba, zilizochongwa sura za wanawake na kuviringishwa waya wa shaba, zilisimamishwa wima kando ya mwenyewe ili cheo chake kionekane. Basi naye akaikamata katikati ya mti, ngumi moja, akakaa wima. Wakwe wakaanza hotuba. Sala ya kufungua ilikuwa ndefu, salamu za ukoo zikawa ndefu kuliko sala, na muda wote huo kile kiganja kinabana, kinatoa jasho, kinapasha joto.

Ikafika bahasha. Bahasha ya mahari hutolewa kwa mikono miwili, hilo hata mtoto anajua. Nkambo akasimama na bahasha mkono wa kushoto, akataka kuweka fimbo chini, fimbo haikuwekeka. Akafungua vidole; vidole vilifunguka viwili. Akanitazama. Nikamwona anawaza, na kabla sijainuka alikuwa ameamua kuleta mkono wa kushoto kwenye wa kulia, bahasha ikiwa katikati, ili ionekane ni mikono miwili. Ilionekana vizuri sana. Shangazi wa binti akapokea kwa magoti, akavuta. Bahasha haikuja. Akavuta tena, zikaja zote: bahasha, fimbo, na Nkambo nyuma yake hatua mbili.

“Banatoa na kurudisha!” akasema mmoja wa wajomba zao. “Feza yenu iko na kamba?”

Hapo mtoto mmoja wa umri wa darasa la nne, aliyekuwa ameketi chini kwenye mkeka na macho yake sawa na fimbo, akasoma kwa sauti ile ya darasani, silabi kwa silabi. Kipande cha gazeti cha vidole vitatu kilikuwa kimebaki chini ya pete, ukurasa wa matangazo, herufi kubwa: À LOUER.

Mama mkwe alivua miwani. “Fimbo ya kukodi,” akasema. “Na suti?”

Nikaenda mbele. Wawili walikuwa tayari wameshika fimbo kuvuta, nikawazuia, kwa sababu gomulaki iliyonata ikivutwa inaondoka na ngozi. Mama mmoja akaleta maji ya moto. Maji hayafungui gomulaki, yanaipausha tu. Kilichoyeyusha ndicho kinachofungua. Nilitaka kulisema hilo kwa upole, sikioni mwa mwenye nyumba, lakini Nkambo alikuwa ameshaelewa mwenyewe, na sauti ya msemaji wa ukoo haijui kunong'ona:

“Muniletee lutuku! Mbio!”

Wimbo wa kanisa ukaanza bila mtu kuuanzisha. Shemasi alisimama, akakaa, akasimama. Tuliokolewa na shangazi wa upande wao, muuguzi, ambaye mkobani alikuwa na chupa ya jeli ya kusafishia mikono. Jeli hiyo sehemu kubwa ni alkoli, na kwa kazi hii inashinda hata lutuku: haimwagiki na haikauki haraka. Tukaitia kwenye kingo za kiganja na kati ya vidole, tukasubiri dakika mbili, tukaongeza. Hauvuti. Unabiringisha fimbo kidogo kidogo, kiganja kianze kubanduka upande wa kidole kidogo, na kila kinapogoma unarudisha jeli. Bahasha ndiyo iliyotoka mwisho, na kona yake moja imebaki kwenye mti. Pesa zilikuwa kamili.

Nkambo aliinua mkono wake huru, watu wakapiga makofi, na kwa furaha akaenda moja kwa moja kumbariki binti, kiganja kizima juu ya bega la blauzi nyeupe. Rangi ile, nimeshasema, inayeyuka kwenye alkoli. Vidole vitano vilihesabika toka mlangoni.

Fimbo nilichukua mimi. Kwa wiki mbili ilining'inia kwa uzi dukani bila kugusa kitu, mpaka ukucha ulipoacha kuingia. Gazeti nilililowesha kwa maji kidogo sana, nikaliviringisha litoke kwa kidole. “À” iligoma mpaka mwisho. Alama za kiganja nilizisawazisha kwa msasa laini namba 400 uliolowa waiti spiriti, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, kwa sababu gomulaki haijali waiti spiriti. Halafu ni kupaka upya: vipande vya gomulaki gramu 60 ndani ya nusu lita ya alkoli ya asilimia 95, vilale usiku mzima, vichujwe kwa soksi ya nailoni. Ukitumia zaidi inakuwa nzito na inaacha mistari. Rangi nyeusi kidogo niliichanganya na tabaka mbili za kwanza, zilizofuata zikawa safi. Mkononi unakuwa na pamba iliyofungwa ndani ya kitambaa kikuukuu cha shuka, na tone moja la mafuta ya parafini ya famasia ili iteleze. Unaingia ukiwa mwendoni na kutoka ukiwa mwendoni. Ukisimama katikati ya mti hata kwa kupiga chafya, kitambaa kinaganda, na umeanza upya. Tabaka sita nyembamba, pumziko la siku, sita nyingine, kisha nta. Kichwa cha seluloidi hakikuguswa na alkoli kabisa. Kilifutwa kwa kitambaa kikavu, na kisihifadhiwe kwenye boksi lililofungwa kabisa, kwa kuwa mvuke wake wenyewe unakila.

Nkambo alipokuja kuichukua, aliona chupa ya alkoli rafuni na kuuliza bei. Nikamwambia hiyo imetiwa sumu makusudi, ni ya kazi tu.

Alikuwa pia na barua ya wakwe. Mahari imepokelewa, arusi iendelee, ila kwenye orodha wameongeza vitu vitatu: mbuzi mmoja kwa ajili ya jina la pombe kutajwa ndani ya nyumba, blauzi moja nyeupe, na fimbo ya msemaji iletwe pamoja na fakitire yake, ile karatasi ya muuzaji inayotaja kilichouzwa. Fakitire nimeiandika mimi kwa mkono: fimbo moja, mti wa kawaida uliopakwa rangi nyeusi, kichwa cha seluloidi, pete ya fedha 800 ya Ujerumani. Iko bado dukani. Nkambo anakataa kuisaini.