Jirani akihamia Mwanza, tumwandikishe vipi?

Pita soko la Mwaloni, Kirumba, asubuhi magunia ya dagaa yanapopimwa, utasikia Kiswahili cha Kisumu, cha Bujumbura na cha Bukavu. Wengi ni wanunuzi, wanakuja na kuondoka. Mjadala wa kuwaandikisha wageni kutoka nchi jirani ni juu ya yule anayepanga chumba, akaleta watoto, akahamia kabisa.

Wanaotaka sheria ikaze wana hoja nzito. Mtaa usiojua nani anaishi humo utapangaje madawati ya shule na dawa za zahanati? Na kijana wa Igogo, hapa Mwanza, anayelipia leseni ya biashara ana haki ya kuuliza kwa nini mwenzake mgeni asilipie.

Upande wa pili unashika Itifaki ya Soko la Pamoja, makubaliano ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010. Inampa raia wa Afrika Mashariki haki ya kufanya kazi, kujiajiri na kuishi nchi jirani. Lakini haikufuta vibali. Mkenya aliyeajiriwa Mwanza anahitaji pasipoti, kibali cha kazi, kisha kibali cha ukaazi Daraja B. Mwenye mtaji wake anaomba Daraja A.

Sasa fundi wa nyavu anayejitegemea aombe kipi? Hana mwajiri wa kumwombea, na mtaji wake ni sindano na uzi. Tena Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo saluni, ufundi simu na uwakala wa pesa. Naielewa amri hiyo, maana vijana wetu wanaishi kwa kazi hizo hizo. Hata hivyo, haki ya kujiajiri tuliitia saini wenyewe, na Watanzania nao wanachuuza Nairobi na Kampala.

Asiye na njia ya kujiandikisha hujificha. Operesheni Kimbunga ya 2013, msako wa serikali dhidi ya wahamiaji wasio na vibali, iliondoa maelfu ya watu Kagera, Geita na Kigoma, wakiwamo walioishi huko miongo na kuzaa na wenyeji. Familia zilitengana.

Kwa hiyo naunga mkono uandikishaji, ila uanzie kwa mtendaji wa mtaa, kwa ada ndogo, na kuwe na kibali cha mtu mwenye kipato kidogo. Kenya, Uganda na Rwanda zinaruhusiana kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Sisi bado tunadai pasipoti. Kwa sasa, mgeni ajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, atunze mkataba wa pango, na aende Uhamiaji kabla siku alizogongewa kwenye pasipoti hazijaisha.