Nairobi haikosi walimu, inakosa mishahara ya kuwalipa

Uingereza, niliko sasa, ina kazi za ualimu na haina watu wa kuzifanya. Kwetu Kenya watu wapo, wana namba za usajili za TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, na kazi hawapati. Kwa hiyo anayeniambia Nairobi inakosa walimu kama London, namwomba kwanza anionyeshe ratiba ya shule.

Chukua sekondari msingi ndogo, mkondo mmoja kwa kila gredi, kuanzia ya 7 hadi ya 9. Kila darasa lina vipindi 40 vya dakika 40 kwa wiki na masomo 9. Jumla ni vipindi 120. Kiwango cha mwalimu wa sekondari ni vipindi 27, kwa hiyo hapo wanahitajika walimu watano. Wakiletwa wawili, kila mmoja anadaiwa vipindi 60 katika wiki yenye nafasi 40. Hata malaika hawezi. Saa yoyote ile ya masomo, angalau darasa moja halina mtu. Na hao wawili walisomea masomo mawili mawili chuoni, kwa hiyo wakibahatika kutofautiana wanashika manne. Matano yaliyobaki yanaangukia mtu wa Kiswahili na Dini anayekesha na kitabu cha sayansi, kisha asubuhi anawaonyesha watoto picha ya kifaa ambacho shule haina. Maazimio ya kazi yatajazwa, rekodi ya kazi itajazwa, TPAD, fomu ya kumtathmini mwalimu, itajazwa. Karatasi haijawahi kukosa mwalimu.

Mkuu wa shule ana njia mbili: aunganishe madarasa, au aite mwalimu wa BOM, yaani bodi ya shule. Huyu analipwa na bodi, yaani na wazazi, na wazazi wa Lang'ata na wale wa mabanda ya Mukuru hawawezi kuchanga sawa. Michango ikichelewa, wa kwanza kukosa ni yeye. Juu yake kidogo yuko mwanagenzi, yaani intern wa TSC: Sh20,000 kwa mwezi katika sekondari msingi, kabla ya makato, kwa vipindi vile vile anavyofundisha mwenzake wa ajira ya kudumu. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira jijini Nairobi ilisema mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa hafai kuajiriwa kwa mtindo huo. Mei wanagenzi wakagoma. Januari 2025 walimu 46,000 wakapewa ajira ya kudumu, na wanagenzi wapya 20,000 wakaingizwa kwa mkataba ule ule uliolalamikiwa.

Ukiuliza basi kwa nini walimu wa Nairobi wanaacha kazi, jibu la kwanza ni kwamba wengi hawajawahi kuingia. TSC inapoajiri, aliyehitimu zamani hupata alama zaidi. Ni haki kwa aliyesubiri, sikatai, ila anayeingia darasani ni mtu aliyeacha chaki kwa miaka, na kijana aliyemaliza chuo mwaka huu anajua foleni ilivyo. Anafundisha tuisheni Kileleshwa, anafungua duka la M-Pesa, anatafuta wakala wa kazi za Ghuba. Wengine wanawaandikia wanafunzi wa Uingereza insha zao za chuo, biashara ambayo vijana wa Nairobi wanaijua vizuri na ambayo sheria ya huku iliifanya kosa la jinai mwaka 2022. Kwa hiyo mwalimu wetu anafanyia kazi elimu ya Uingereza bila hata kupanda ndege.

Walio ndani nao wana yao. Tangu mwongozo wa vyeo wa 2017, kuongeza shahada peke yake hakukupandishi cheo. Unangoja nafasi itangazwe, halafu usaili. Mshahara ukiingia, pensheni imechukua asilimia 7.5, bima ya afya ya SHA 2.75, tozo ya nyumba 1.5, na kodi bado haijaguswa.

Huku mlango uko wazi na watu wanatoka. Mwaka wa masomo wa 2023/24, Uingereza ilipata nusu tu ya wanafunzi wapya wa ualimu wa sekondari iliowalenga. Fizikia ilipata asilimia 17. Kila mwaka karibu mwalimu mmoja kati ya kumi huacha shule za serikali. Na si mshahara pekee unaowafukuza. Anayeanza nje ya London analipwa £32,916 kwa mwaka kuanzia Septemba 2025. Ukitoa kodi, bima ya taifa na pensheni, anabaki na takriban £2,100 kwa mwezi. Kinachowachosha ni saa. Kanuni inasema saa 1,265 kwa mwaka, ndani ya siku 195, lakini ina kifungu kinachoruhusu saa za ziada "zinazofaa", na humo ndimo usahihishaji na barua pepe za wazazi hupitia. Tafiti za wizara yao zinaonyesha mwalimu wa ajira ya muda wote hupita saa 50 kwa wiki. Ongeza utovu wa adabu darasani na hofu ya Ofsted, wakaguzi wa shule.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo ningelihamishia Nairobi kesho. Huku asilimia 10 ya muda wa kufundisha hutengwa kwa maandalizi na usahihishaji, na mwalimu hatakiwi kushikia darasa la mwenzake ila kwa nadra. Mwalimu akikosekana, mara nyingi shule inamlipa mtu wa muda. Pengo linaonekana kwenye hesabu za fedha. Kwetu pengo linafunikwa na mwalimu aliyepo, bila senti, kwa hiyo Hazina haina haraka. Vyama vya walimu KNUT na KUPPET vilitia saini CBA, mkataba wa pamoja wa mishahara na masharti ya kazi, ya 2025 hadi 2029 mwezi Julai 2025, na gumzo lote likawa asilimia za nyongeza. Ningeanza na vile vipindi 27: viwekwe kama kikomo, na cha 28 kilipwe. Ndipo TSC ingejua bei halisi ya kutoajiri.

Kwa wanaofunga mizigo: shule lazima iwe na leseni ya kudhamini viza. Ada ya afya ni £1,035 kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa yote kwa mkupuo. Miaka mitatu ni £3,105 kabla ya nauli. Mwalimu wa kigeni anaweza kufundisha hadi miaka minne bila cheti cha ualimu cha huku, QTS, lakini anaweza kuwekwa kwenye ngazi ya wasio na cheti, ambayo ni ya chini sana kuliko ile niliyotaja. Ulizia ngazi hiyo kwa maandishi, pamoja na idadi ya vipindi, kabla ya kulipia viza.