Mechi imeahirishwa na mvua yenyewe haijanyesha: tunamlaumu refa kwa kuangalia kitu kisichoua

Kila mechi ikiahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa maneno ni yale yale, mbona mvua imekatika, mbona uwanja haujajaa maji, mbona hata jua limeanza kutoka, hawa waandaaji wana lao jambo. Na hasira yenyewe inaeleweka kabisa. Mtu amesafiri, amekata tiketi, siku nzima ameitoa kwa ajili ya dakika 90, halafu muda wa mpira kuanza anatangaziwa arudi alikotoka. Hilo silipuuzi na nitalirudia huko chini. Ila naona watu wengi wanamhukumu refa kwa kuangalia maji, wakati kinachoua mchezaji ndani ya sekunde moja ni radi, na radi haina habari na maji yaliyopo uwanjani.

Radi inaweza kupiga kilomita 15 na zaidi kutoka pale mvua inaponyesha. Yani wewe juu yako kuna mwanga mzuri tu, wingu lenyewe liko pembeni huko, na bado uko ndani ya eneo la hatari. Alafu uwanja wa mpira ni sehemu tambarare, watu wamesimama wima, hakuna cha kuwakinga. Na radi sio lazima imguse mtu moja kwa moja, ikishapiga ardhini umeme unasambaa chini kwa chini na kupanda miguuni, ndio maana pigo moja linaangusha watu wengi kwa mpigo. Oktoba 1998 Afrika Kusini ilionekana live kwenye tv, Moroka Swallows na Jomo Cosmos wanacheza, wachezaji kadhaa wakaanguka kwa pamoja. Wiki hiyo hiyo ikaripotiwa kwamba huko Kongo, mkoa wa Kasai, wachezaji 11 wa timu moja wamekufa kwa radi katikati ya mechi.

Sasa kuna tukio moja ambalo mimi haliniishi kichwani. Tarehe 3 Novemba 2024, Peru, sehemu inaitwa Chilca, mechi ya timu za kawaida tu. Refa aliona hali imebadilika akasimamisha mpira. Wachezaji wakaanza kutoka, wanatembea wanaelekea nje, na hapo hapo radi ikashuka, mmoja akafariki na wengine wakajeruhiwa. Refa alifanya uamuzi sahihi, hilo halina ubishi, ila uamuzi sahihi ulikuja wakati watu bado wako kwenye nyasi na wanahitaji muda wa kutembea. Sasa zidisha hilo kwa uwanja wenye mashabiki elfu 40, wengine kwenye majukwaa yasiyo na paa, milango ya kutokea ni ile ile michache, kuwatoa wote kwa haraka bila kukanyagana haiwezekani ndani ya dakika mbili tatu. Kwa hiyo anayesimamia usalama lazima aamue wakati hatari bado iko mbali, yaani wakati mashabiki wote wanaona hakuna kitu. Akisubiri mpaka sisi wote tukubali kwamba hali ni mbaya, ameshachelewa. Hii ndio sehemu ambayo naona haieleweki, kwamba uahirishaji uliofanywa vizuri siku zote utaonekana umefanywa mapema mno, maana kilichozuiwa hakuna mtu aliyekiona.

Mahakama ya Juu ya Japani ililiweka hili wazi. Agosti 1996 kwenye mashindano ya vijana huko Takatsuki mwanafunzi mmoja alipigwa na radi uwanjani, akapona lakini na ulemavu mkubwa na macho hayaoni tena. Kabla ya mechi mvua ilikuwa imekatika na anga limeanza kung'aa, kwa macho ya kawaida mambo yametulia. Lakini upande wa kusini magharibi kulikuwa na wingu jeusi na ngurumo inasikika kwa mbali. Mahakama za chini zilisema mwalimu aliyekuwa anasimamia timu yake asingeweza kujua, ila mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikakataa, ikasema ngurumo ile ilitosha kumfanya aione hatari. Baadae ikaamuliwa mwanafunzi yule alipwe fidia ya karibu yen milioni 300. Wale wanaosema "lakini mvua ilikuwa imeisha" waisome hiyo kesi vizuri, kwasababu hiyo ndio ilikuwa hoja ya utetezi na ilishindwa.

Upande wa pili nao una hoja nzito, na nzito kuliko zote kwangu ni ya haki ya mchezo. Juni 28, 2025 kombe la dunia la klabu, Chelsea na Benfica mjini Charlotte Marekani. Chelsea anaongoza 1-0, zimebaki dakika chache tu, mpira ukasimamishwa kwa radi karibu saa mbili nzima. Waliporudi Benfica wakapata penati kwenye dakika za majeruhi, Di María akaweka, ikaenda muda wa ziada, Chelsea akaja kushinda 4-1, na toka filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho yalipita masaa manne na nusu na ushee. Kocha wa Chelsea wakati huo, Maresca, alikasirika sana, akasema huo sio mpira. Lakini sikiliza alichoongeza, kwamba kusimamisha kwa ajili ya usalama anaelewa, ila kama mechi nyingi hivyo zinasimamishwa basi pengine hapo sio mahali pa kufanyia mashindano. Hapo nakubaliana nae, lawama iende kwa aliyepanga mechi mchana wa majira ya joto kwenye eneo la radi. Refa aliikuta ratiba imeshapangwa.

Kinachochosha watu zaidi ni zile dakika 30. Utaratibu ni kwamba baada ya radi ya mwisho unahesabu nusu saa, na ikipiga nyingine kwenye dakika ya 25 unaanza moja. Inaudhi, misuli imepoa, watoto wanalia majukwaani. Lakini wingu linapoondoka mkia wake bado unapiga, na watu wengi wanaopigwa hupigwa kabla mvua haijaanza au wakati wanadhani imepita.

Halafu kuna shutuma ya kubebana, yani timu fulani kupendelewa. Timu ina majeruhi sita, mechi inaahirishwa, wiki tatu baadae kiporo, yani ile mechi iliyoahirishwa, kinachezwa majeruhi wote wamerudi, watu watasema nini? Siwezi kusema hilo haliwezi kutokea. Na sheria za mpira zenyewe zinampa refa mamlaka ya kusimamisha au kuvunja mechi, ila kama irudiwe yote au imaliziwe dakika zilizobaki inategemea kanuni za mashindano husika, kwahiyo mianya ipo. Dawa yake ni kanuni iandikwe kabla ya msimu, umbali gani wa radi tunasimama, tunasubiri muda gani, baada ya hapo nini kinafuata, tiketi inarudishwa au inatumika kwenye kiporo. Na siku ya tukio itangazwe radi ilipiga saa ngapi na umbali gani. Shabiki akipewa hizo namba atanung'unika lakini hatahisi ameibiwa. Tangazo la mstari mmoja kwamba mechi haipo kwa "sababu zilizo nje ya uwezo wetu" ndilo linalozaa tetesi zote.

Wanaonisumbua zaidi ni wale wanaocheza kwenye viwanja visivyo na refa wala mitambo ya kufuatilia radi, na hao ndio wengi. Pale anatosha mtu mmoja wa kuhesabu, ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, ikiwa chini ya 30 basi iko ndani ya kilomita 10 na mpira unasimama hapo hapo. Na pa kukimbilia pawe pameshajulikana kabla ya kuanza, jengo imara au gari lililofungwa vioo, sio chini ya mti na sio kibandani. Agosti 2020 huko Arua, Uganda, watoto 10 walikufa kwa radi ndani ya kibanda cha nyasi, walikuwa wanacheza mpira wakaingia humo kujikinga. Waliacha kucheza kama inavyotakiwa, ila hapakuwa na sehemu salama karibu, na uwanja wa namna hiyo mechi inabidi isianze kabisa siku ambayo ngurumo imeshasikika asubuhi.