Mtumishi Anayetaka Kuonekana

Kusimamia masijala yenye majalada maelfu ni kazi nyepesi ukilinganisha na kumsimamia kijana mmoja aliyemo ndani yake. Jalada ukishaliweka kwenye rafu hutulia, wala halikuulizi kama umeona lilivyotulia.

Kila siku ya kazi, ikifika saa moja na nusu asubuhi, kijana huyu hutuma picha yake katika kundi la WhatsApp la ofisi akiwa amekunja uso mbele ya rundo la majalada, na chini yake huandika kwamba wakati wengine wamo kwenye mabasi ya mwendokasi yeye ameshaanza kulijenga taifa. Rundo ni lile lile kila siku. Jalada la juu lilifungwa mwaka 2019.

Nilijaribu kumpuuza. Akaanza kuchechemea, mguu wa kulia akipita mlangoni pangu na wa kushoto akirudi. Nikaona afadhali nimsifu kidogo ili apone, naye ujumbe wangu wa maneno mawili, "Kazi nzuri", akauweka kwenye status akautolea shukrani kwa wazazi, walimu na majirani. PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ule uliotuondolea fomu za tathmini za OPRAS, unamtaka mtumishi aingize majukumu yake mwenyewe na msimamizi ayaidhinishe. Yeye akaingiza "kuwa mfano wa kuigwa", kisha akaja kuniuliza kwa nini nachelewa kuidhinisha.

Vikaoni ndiko alikokuwa akituua. Tukifika kwenye mengineyo, pale ambapo kila mwenye tumbo anatazama mlango, husimama na kusema, "Mwenyekiti, nina hoja fupi," na hoja hiyo fupi huanzia utotoni mwake na kuishia wali ukiwa umepoa. Ndipo nikampa ukatibu wa kikao, kwa hesabu kwamba anayeandika hana nafasi ya kusema.

Kweli hakusema. Muhtasari ulipotoka, nilisoma kwamba Mkurugenzi alifungua kikao "huku katibu akinukuu kwa umakini mkubwa", na kwamba wajumbe walijadili uchakavu wa rafu, "jambo ambalo katibu aliliafiki kwa kutikisa kichwa". Mimi niliyeizungumzia rafu hiyo hadi koo likanikauka nimo humo humo, katika "wajumbe wengine".

Mkurugenzi aliusoma akaupenda. Mei Mosi inakaribia, cheti na bahasha ya mfanyakazi bora vinahitaji mwenyewe, nami nimeagizwa kuandika barua ya kumpendekeza. Nilikuwa bado natafuta sentensi ya kwanza isiyo ya uongo alipobisha hodi, miguu yote miwili mizima, akiwa na rasimu ya kurasa tatu mkononi.

"Shikamoo, mkuu. Nimekupunguzia kazi, kilichobaki ni sahihi yako tu. Ila naomba uibane kidogo, maana nafasi kubwa pale chini imechukuliwa na picha yangu."