Ukurasa Uliokatwa kwa Kalamu Nyekundu

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa kazini alinijia na wasifu wake mkononi. Anaomba nafasi ya mhadhiri msaidizi. Mkubwa mmoja aliyeombwa kuupitia alikuwa ameukata ukurasa wote wa pili kwa kalamu nyekundu, kona hadi kona, na pembeni ameandika: "Hizi si kazi za kitaaluma."

Nimeusoma ukurasa huo. Miaka minne ya mtu imo humo: madodoso matatu aliyoyafasiri, saa kwa saa za mahojiano aliyoyasikiliza na kuyaandika neno kwa neno, ripoti aliyoihariri mwanzo mwisho ikatoka bila jina lake. Akaniuliza, "Dada, niutoe?"

Usiutoe.

Nimepita huko, najua kazi ile ilivyo. Dodoso letu lilikuja kwa Kiingereza, tukapewa siku mbili kulifasiri. Lilikuwa na swali la kupima kama mtu bado anavutiwa na mambo. Tukaandika, "Je, umepoteza hamu?" Siku ya kwanza kijijini, Handeni, bibi mmoja alikuwa anapepeta mahindi. Aliposikia swali akauweka ungo chini, akanitazama. "Hamu ya chakula, mjukuu wangu, au hamu ya mume?" Jioni ile tulikaa chini ya mwembe na tochi ya simu, tukaliandika upya: mambo uliyokuwa ukiyafurahia zamani, bado unayafurahia? Bila jioni ile, majibu ya swali lile yasingefaa kitu. Makala ilipotoka ilikuwa na majina sita. Sisi tulikuwa "wasaidizi wa utafiti", mwishoni, bila majina.

Na hili si la jana. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku wa Kenya, aliokota kipande cha fuvu karibu na Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Kikatokea kiunzi cha mifupa kinachojulikana kama Mvulana wa Turkana, mojawapo ya viunzi vilivyokamilika zaidi vya binadamu wa kale. Makala iliyokitangaza mwaka 1985 ina waandishi wanne. Kamoya hayumo. Shahada ya heshima aliipata 2021 kutoka chuo kikuu cha Marekani, mwaka mmoja kabla hajafariki.

Kumbe inawezekana kufanya vingine. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona maziwa yake ya moto yakigeuka barafu haraka kuliko ya wenzake. Walimcheka. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, hakumcheka. Alilijaribu jambo lenyewe, na makala yao ya 1969 ikatoka na jina la Mpemba likitangulia. Angeweza kuandika "mwanafunzi mmoja". Leo dunia nzima inaliita jambo lile kwa jina lake.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo wanaotia chumvi. Nakubali pia kwamba si kila aliyeshika dodoso ni mwandishi wa makala. Wahariri wa majarida ya tiba wana masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi, na lazima utimize yote. Lakini kanuni hizohizo zinataka wasiotimiza watajwe kwenye shukrani. Halafu kuna CRediT, orodha ya majukumu 14 ya kuonyesha nani alifanya nini katika utafiti, ambayo majarida mengi yanaitumia. Kuandika programu kumo. Kutafuta fedha kumo. Tafsiri haina jukumu lake yenyewe; inatajwa tu ndani ya kuandika rasimu ya kwanza ya makala. Kwetu sisi, ambako utafiti unafikiriwa kwa lugha moja na kujibiwa kwa nyingine, pengo hilo linanikera mno.

Kwa hiyo tuliketi tukauandika upya ukurasa ule. Hatukuziweka kazi zile chini ya "Machapisho", maana si machapisho. Tukazipa kichwa chao: "Kazi za utafiti na tafsiri". Tukafuta kila "nilishiriki", kwa sababu neno hilo halisemi mtu alifanya nini. Mstari wa kwanza sasa unasomeka hivi: "Nilifasiri dodoso la maswali 62, nikalijaribu katika kaya 15, nikarekebisha maswali 9. Sikutajwa kwenye chapisho." Mwaka upo, mkoa upo, na jina la msimamizi aliyekubali kupigiwa simu. Mradi mmoja ulikuwa na mkataba wa siri; huo tumetaja aina ya kazi tu.

Alipoondoka nilifungua makala yangu ya mwaka juzi, nikashuka hadi kwenye shukrani. Vijana wawili walinifanyia mahojiano yote ya Pangani. Nimeandika "timu ya uwandani". Usiku ule niliwaandikia barua, kila mmoja yake, nikieleza alichokifanya, siku ngapi, na kwamba makala ile isingekuwepo bila yeye. Mmoja amejibu. Ameuliza kama anaweza kuiambatisha kwenye maombi ya shahada ya uzamili. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa.